Msumari wa Mheshimiwa

Ukitaka kujua kama randa ya umeme inastahili bei yake, usimuulize muuzaji, uulize mti. Hapa Nyamarambe mbao zetu hazitoki msituni. Zinatoka mipakani mwa mashamba, mikaratusi na mukima waliyopanda wazee, na mti wowote ulio kando ya barabara umeshawahi kubeba bango la uchaguzi. Mheshimiwa hushinda au hushindwa, mvua ikachukua karatasi, gome likameza msumari. Miaka kumi baadaye fundi wa pawasoo anapasua mbao, meno ya mnyororo yanaupita ule msumari kwa upana wa ukucha, na ubao unaletwa kwangu ukiwa na siasa ndani yake.

Randa yangu ni Makita, tena Makita yenyewe. Ilipoukuta msumari ilipiga yowe, cheche zikaruka, na visu vyote viwili vikapata pengo. Tangu hapo kila ubao ukawa unatoka na mstari mwembamba ulioinuka toka mwanzo hadi mwisho. Mteja wa kabati akaupapasa kwa kidole. "Fundi, umeweka na urembo?" Nikamjibu kwamba urembo huo siutozi.

Hata hivyo, hiyo ndiyo mashine ambayo ningeinunua tena kesho. Kampuni yenyewe ilianzia Nagoya, Japani, mwaka 1915, kwa kutengeneza mota mbovu za watu, na ilipoanza kuuza randa ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka 1958 nadhani ilikumbuka ilikotoka. Visu vipya nilivipata Kisii mjini. Kaboni za mota zikiisha, unafungua vifuniko viwili vya pembeni kwa bisibisi, unachomeka nyingine, unaendelea na kazi kabla chai haijapoa. Zile za bei ya kutupwa hufunguka zenyewe, lakini mahali ambapo hukuomba zifunguke. Halafu kuna zile zenye rangi ileile, umbo lilelile, ila jina limepungukiwa herufi moja. Soma jina mpaka mwisho kabla ya kutoa simu ulipe.

Keekee nayo chukua ya betri, hata kama bei inauma. Huku mvua ya alasiri huja na radi, na radi ikishakohoa mara moja tu, stima imeondoka. Kasoro yake ni kwamba betri ni ndoa: ukishachukua ya kampuni moja, mashine zote zitakazofuata lazima zitoke ukoo huohuo, maana ya huku haiingii kule. Mimi nilioa upesi, na sasa natunza ukoo mzima.

Kuna mashine ambazo hata ningekuwa na pesa ningezikwepa. Wajerumani wa Festool wana moja iitwayo Domino, inayochimba matundu ya ulimi wa kuungia mbao kwa unadhifu wa ajabu, na bei yake ni zaidi ya dola 1,000. Kwa pesa hizo hapa unapata ng'ombe wa gredi, na ng'ombe hangoji stima irudi. Nyingine ni msumeno wa meza wa SawStop, ulioanza kwa ubunifu wa Mmarekani Steve Gass. Diski yake hubeba mkondo mdogo wa umeme; ikiguswa na nyama, breki inaikamata ndani ya milisekunde 5. Gass alikuwa akiuonyesha kwa soseji, na soseji ikitoka na mkwaruzo tu. Nauheshimu sana, maana nimesalimiana na mafundi wengi wasiotimiza vidole kumi. Shida ni kwamba mbao mbichi zenye maji nazo hupitisha umeme. Mkaratusi wetu, uliokatwa Jumatatu na kutakiwa uwe kitanda Ijumaa, ungehesabiwa kuwa kidole, na kila breki ikifyatuka unanunua breki mpya, pengine na diski juu yake. Ni msumeno wa watu wanaokausha mbao.

Halafu kuna gharama ambayo muuzaji haandiki kwenye risiti: shemeji. Shemeji yangu ni mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, ambako vinyago husuguliwa kwa msasa na maji ndani ya beseni. Aliazima mashine yangu ya msasa ili apumzishe mikono. Namshukuru Mungu hakuitumbukiza kwenye beseni. Lakini jiwe la sabuni lina talki, ileile ya poda ya watoto wachanga, na mashine iliporudi ilikuwa imeshiba. Nilipoiwasha ilipuliza wingu jeupe juu ya kitanda cha bibi harusi kilichokuwa kikingoja vanishi, na mwanafunzi wangu wa kazi akatoka nje akiwa mzee wa mvi. Mashine ya bei rahisi ingekufa hukohuko Tabaka na kesi ikaisha. Hii bado inafanya kazi, kwa hiyo bado inaazimwa.

Juzi shemeji alinikuta nikitumia ruta ya mbao, niliyoinunua kimyakimya. Akaizunguka, akainama, akauliza inafanya nini.

"Hii? Ya kutoboa masikio ya ng'ombe."

"Vizuri, shemeji," akasema. "Mimi ninao wawili."