Kiporo cha Kiangazi
Nchini Marekani, msimu wa televisheni, yaani kipindi ambacho vituo vikubwa hurusha sehemu mpya za tamthilia zao, kwa desturi huanza Septemba na kumalizika Mei, hivyo mwanafunzi anayefunga shule mwezi Juni hupata nafasi ya kutazama pale pale vituo vinapoishiwa vipya vya kuonyesha na kurudia vya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 NBC, kimojawapo cha vituo hivyo, kilitetea marudio hayo kwamba kipindi ambacho mtazamaji hajakiona ni kipya kwake, hoja ambayo mama lishe anayepasha wali wa jana angeipokea kwa vigelegele. Siku hizi video za intaneti hazina msimu. Kijana, rimoti mkononi, huperuzi orodha hadi usiku wa manane, kisha hufungua Friends, tamthilia iliyokwisha mwaka 2004.