Kaka Kioo

Hadi naandika haya, kikundi cha WhatsApp cha ofisi bado kinaitwa "Kaka Kioo". Kilibadilishwa jina jana saa nne asubuhi, dakika chache baada ya kijana wa mafunzo kuniuliza kwa adabu zote: "Samahani kaka, eti tawi langu limekwenda wapi?"

Lilikuwa limekwenda na mengine sita.

Chini ya meza yangu kuna kompyuta mkweche inayotunza nakala ya ripo yetu ya Git, ghala la msimbo tunaouandika. Kila saa huenda kwenye seva kuchukua mapya. Tangu Jumatano nywila ilikuwa imekwisha muda, ikawa inarudi mikono mitupu, kimya. Nami jana nikapitishia humo rekebisho dogo kwa nywila yangu mwenyewe, nikaandika `git push`, maneno ninayoyaandika hata usingizini. Kumbe ukiunda nakala kwa `--mirror`, Git hujiwekea kumbukumbu kwamba hiki ni kioo, na tangu hapo kila ukisukuma, seva hulazimishwa ifanane nacho. Kisichomo kiondoke. Fikiria umenyoa ndevu, unajitazama, kioo kinakurudishia ndevu za Jumatano.

Na mtu huwezi hata kukichukia chombo chenyewe! Tawi katika Git ni faili la baiti 41 tu: herufi na tarakimu 40, na alama ya kumaliza mstari. Hizo 40 ni jina la badiliko la mwisho, limekokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na jina la mzazi wake. Gusa koma moja ya mwaka juzi, ukoo mzima uliofuata unabadilika majina. Mashine mbili zikikutana hazipakuliani kila kitu. Zinaulizana kama wageni msibani: huyu unamjua? Na huyu je? Mpaka zimpate babu wanayemjua wote, ndipo watumwe waliozaliwa baada yake. Matawi saba, baiti 287. Vicheko nilivyotumiwa kikundini vilizidi hapo.

Tukazunguka laptopu kwa laptopu, maana kila mtu alikuwa na kazi yake kamili, na kabla ya magharibi yote saba yakawa yamerudi.

Lakini Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha, ni mkweche huohuo uliotuweka kazini. Siku hizo kikundi hakikubadilishwa jina. Diski nilinunua mimi. Bando la usiku, langu. Risiti nilipeleka uhasibu, nikaambiwa haina mhuri, bado ninayo.

Leo asubuhi diski imejaa.

Mchana mama wa usafi akaichomoa kompyuta ili achomeke birika. Chai yenyewe nilikunywa, vikombe viwili.