Mwongozo wa Kupotea Katika Mimenyuko ya Perisaikli

Ukikutana na mtu anayekuambia kwamba mimenyuko ya perisaikli ni rahisi kwa kuwa hutokea kwa mkupuo mmoja, mwombe kwa adabu akuonyeshe matokeo yake ya mtihani. Huo mkupuo mmoja ndio tatizo lenyewe. Hakuna kationi ya kukamatwa njiani wala radikali ya kuhojiwa. Elektroni zinazunguka kwenye pete, vifungo vya zamani vinaachia na vipya vinashika papo hapo, na wewe umebaki na picha mbili: kabla na baada.

Kwa anayetaka kupotea bila jasho, njia ya mkato ni kuamini mishale. Chora atomu sita kwa umbo la pembesita, zungusha mishale mitatu, kisha tamka kwa kujiamini: “Diels-Alder!” Mara mojamoja utapatia. Butadaini na ethilini zikikutana huchorwa hivyo. Lakini heksatraini moja inayojifunga kuwa pete nayo ina mishale mitatu, na 1,5-heksadaini inayojipanga upya kwa njia ya Cope ina mitatu vilevile. Picha moja, aina tatu. Isitoshe, mishale hiyo unaweza kuizungusha kulia au kushoto na bado ukapewa alama, kwa hiyo usitegemee itakuonyesha njia.

Anayetaka kufika ahesabu vifungo vya sigma. Diels-Alder inaongeza viwili na kula viwili vya pai: hiyo ni saikloadisheni. Heksatraini inaongeza kimoja: elektrosaikli. Cope inavunja kimoja na kujenga kimoja, hesabu haibadiliki: sigmatropiki. Ukiona molekuli mbili zimeungana, haidrojeni imehamia upande wa pili, na sigma imeongezeka moja tu, hiyo ni ene. Na ukipata hasi usikimbilie kifutio. Mmenyuko unarudi kinyumenyume. Saiklopentadaini ikiachwa kwenye chupa, kwa joto la kawaida la chumba tu, molekuli zake huungana mbilimbili kwa Diels-Alder. Lebo inasema kitu kimoja, ndani mna kingine, na anayeihitaji hana budi kuipasha hadi nyuzi 170 hivi ili kuzitenganisha tena.

Mishale ikikuangusha, kuna majina, nayo hayachelewi kuangusha. Ludwig Claisen ana mmenyuko wa esta wa 1887, wenye anioni zake na hatua zake, usiohusiana kabisa na perisaikli. Halafu ana ule wa 1912, wa kupanga upya etha za alili, ambao ni sigmatropiki halisi. Mtahini anajua kwamba umekariri jina, ndiyo maana analiuliza. Msomaji wa Unguja na Pemba naye asijidanganye: etha ya alili ya guayakoli ikipashwa moto, kundi la alili linatua jirani na oksijeni, ilhali yujenoli ya mafuta ya karafuu inalo ng’ambo ya pete, mkabala na oksijeni. Karafuu haikupitia kwa Claisen.

Kisha mabano. [4+2] inahesabu elektroni. [3,3] inahesabu nafasi za atomu. Alama ya kujumlisha na mkato ndizo zinazobeba tofauti yote, nazo ndizo za kwanza kupotea kwenye madesa yaliyotolewa nakala mara nyingi.

Robert Woodward na Roald Hoffmann walipotoa kanuni zao mwaka 1965, asiyejihadhari alipata shimo jipya. Kwa elektroni sita za elektrosaikli, joto huzungusha miisho miwili pande zinazopingana, na mwanga huizungusha upande mmoja. Elektroni zikiwa nne, geuza yote. Watu hukariri nusu ya kwanza na kubahatisha iliyobaki.

Mtego mzuri kuliko yote uko kwenye ngozi yako. Kila mtu anajua vitamini D hutokana na jua, na kwa jibu hilo alama zinapotea. Mionzi ya UVB inaikuta 7-dihaidrokolesteroli na kuifungua pete yake moja: sigma imepungua moja, elektroni sita, mwanga, miisho inazunguka upande mmoja. Elektrosaikli, kinyumenyume. Lakini kilichopatikana bado si vitamini. Ndipo haidrojeni inaporuka kwa [1,7], kutoka uso mmoja wa molekuli hadi uso wa pili, kwa joto la mwili tu, hata ukiwa umekwisha kuingia kivulini. Sigma haikuongezeka wala kupungua: sigmatropiki. Swali la mtihani litasema “taja aina ya mmenyuko”, kwa umoja, na chini yake mstari mmoja wa jibu. Andika zote mbili, hata kama itabidi uingie pambizoni.