Jinsi ya Kupoteza Saa Nzima kati ya Kinshasa na Lubumbashi

Ukitaka abiria asiiamini tena programu yako, njia ni fupi: chukua saa ya kufika, toa saa ya kuondoka, chapisha jibu. Tuseme ndege inaondoka Kinshasa 10:00 na kutua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, 13:20. Programu itamwambia amekaa angani saa 3 na dakika 20. Akirudi, aondoke Lubumbashi 14:00 na kutua Kinshasa 15:20, ataambiwa ni saa 1 na dakika 20 tu. Kumbe safari zote mbili zimechukua saa 2 na dakika 20. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, sisi wa Lubumbashi saa mbili, na anayeandika programu akiwa ng'ambo husahau kwamba Kongo ina kanda mbili za saa.

Geuza kwanza nyakati zote mbili ziwe UTC, ndipo utoe. Usiongeze wala kupunguza saa moja kwa mkono. Taja Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, majina yaliyomo katika hifadhidata ya kanda za saa ambayo kompyuta nyingi duniani huitegemea, na hesabu uiachie hifadhidata hiyo.

Njia ya pili ya kuaibika ni kupima muda kwa saa ya kalenda ya mashine. Umeme ukikatika, kifaa kisicho na betri ya saa kinaweza kuwaka kikidhani ni tarehe 1 Januari 1970. Intaneti ikirudi, saa inaruka hadi leo, na kazi iliyoanza dakika tano zilizopita inatangazwa kuwa imedumu zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo pima kwa saa ya ndani ambayo hairudi nyuma wala kurekebishwa kwa tarehe: katika Python ni time.monotonic, katika Java ni System.nanoTime.

Kisha hifadhi muda kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho kionekane katika jina. Anayekuta "subira = 30" atajuaje kama ni sekunde au milisekunde? Andika subira_sekunde, umalize ubishi.

Kosa ninaloliona sana liko kwenye kukadiria. Sekunde 3599.6 zikigawanywa kwanza, halafu sekunde zilizobaki zikakadiriwa, skrini inaonyesha "dakika 59 na sekunde 60". Kadiria jumla kwanza iwe 3600, ndipo ugawanye: saa 1 kamili. Ni mistari miwili tu kubadilishana nafasi, na bado watu hawafanyi hivyo!

Limebaki suala la kumwonyesha mtu muda huo, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, anasubiri mzigo kutoka mpakani Kasumbalesa. Simu inamwandikia "saa 2". Je, zimebaki saa mbili? Au mzigo utafika 14:00, kama wanavyohesabu wanaosoma saa kwa Kifaransa? Au saa mbili asubuhi, kwa hesabu ya Kiswahili? Funksheni iliyomwandikia hivyo haijakosea hesabu hata kidogo, lakini imemwacha gizani. Milisekunde 8400000 zibaki ndani ya seva. Yeye mwandikie: "Mzigo utafika baada ya saa 2 na dakika 20." Na kama una nafasi, ongeza "yaani 16:20, saa za Lubumbashi".