Sifa za Injini Iliyonoki

Wanyarwanda wa zamani walimsifu ng'ombe kwa ufundi ambao wengi wetu hatujawahi kusifiwa nao. Inyambo, wale wenye pembe ndefu wa mifugo ya mwami, yaani mfalme, walikuwa na watunzi wao. Ng'ombe alipewa jina, na jina likazaa shairi la mwendo wake, pembe zake na ushujaa wa kundi lake. Utanzu huo huitwa amazina y'inka, na hadi leo utausikia kwenye sherehe za mahari, msemaji amesimama na fimbo akimsifu ng'ombe ambaye pengine hata hayupo. Huko mbali nako Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi. Kwa hiyo sioni nani atanizuia kumsifu mnyama wa Remera, hapa Kigali, asiye na pembe wala maziwa, ambaye siku ya kazi utamkuta karibu na Giporoso amelazwa ubavu juu ya gunia, matumbo nje, oili ikimtoka: injini ya pikipiki kuukuu iliyonoki.

Nasema kuukuu kwa makusudi. Pikipiki mpya haina cha kusimuliwa. Inawaka kwa kidole, inapanda kutoka Nyabugogo hadi Remera bila kukohoa, na jioni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anamkabidhi tajiri mwenye pikipiki hesabu kamili, anakwenda kulala. Habari hiyo haijawahi kukusanya watu. Lakini TVS au Boxer iliyozeeka barabarani, iliyokwisha kupita mikononi mwa matajiri kadhaa, na ambayo mshale wake wa kilomita ulikata tamaa zamani, ikigonga mara moja tu, ko!, pale Kisimenti, wapita njia wote wanakuwa mafundi papo hapo. Mmoja anasema ni plagi. Mwingine anasema petroli imechakachuliwa. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anasema aliyaona hayo hayo Kampala na dawa yake ni kuisukuma kwenye mteremko. Shule gani nyingine inatoa vyeti kwa kasi hiyo?

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni kwamba haidanganyi. Katika biashara nzima ya pikipiki kila mtu ana neno alilolificha. Motari hasemi kwamba wiki iliyopita alibeba mifuko ya saruji. Tajiri hasemi kwamba oili aliyonunua ilitoka kwenye chupa isiyo na jina. Aliyewauzia pikipiki hasemi lolote, maana simu yake haipatikani. Injini pekee ndiyo inayotoa ushahidi wote hadharani, na inautoa kwa sauti mbalimbali ili hata asiye na elimu aelewe. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikipata moto chuma hutanuka, nafasi hujaa, kelele hupungua, na mwenye pikipiki hujidanganya kwamba imepona. Valvu zilizoachia hulialia juu kabisa, tiki tiki tiki, sauti nyembamba isiyomtisha mtu. Cheni ya taimingi iliyolegea hutikisa kokoto ubavuni. Konrodi ndiyo mzee wa kikao: hungoja mpaka mlimani, na abiria mzito nyuma, motari anaongeza mafuta, ndipo anagonga kwa sauti nzito kutoka chini, na akishaanza hanyamazi tena.

Anayetaka ushahidi wa macho apewe moshi. Hapa lazima niisifu na Kigali yenyewe, maana mji huu umejengwa kana kwamba aliyeuchora alikuwa na nia ya kupima injini. Shuka kutoka Remera mpaka bondeni Nyabugogo umefunga mafuta, gia ikiizuia pikipiki. Injini inayovutwa hivyo hunyonya kwa nguvu, na kama sili za valvu zimechoka, oili hupenya pembeni mwa valvu ikakusanyika ndani. Fika chini, ongeza mafuta: puu, wingu la bluu linamfunika polisi wa barabarani. Sasa geuza, uupande mlima uleule. Ikiwa bluu inatoka mfululizo wakati wa kupanda, kosa ni la ringi. Miji ya tambarare haina neema ya vipimo viwili kwa safari moja. Dar es Salaam mtu anaweza kuishi na sili mbovu miaka na asijue.

Kwa wasioamini moshi kuna kipimo cha kijiko. Fundi huchomoa plagi, humimina oili kidogo kwenye tundu, huirudisha plagi, hupiga kiki. Kiki iliyokuwa laini ikiwa ngumu ghafla, maana yake oili imeziba pengo ambalo ringi zimeshindwa kuliziba. Ikibaki laini, kwa kawaida tatizo liko kwenye valvu. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala kompyuta, na gharama yake ni kijiko ambacho mama mwenye chai atakitafuta mpaka jioni.

Halafu inashushwa. Kushusha injini ni ibada, na mimi huwa nasimama kutazama hata kama pikipiki si ya ninayemjua. Fundi huanika kila kitu juu ya boksi lililopasuliwa: kichwa cha silinda, bloku, pistoni yenye makovu marefu, gasketi iliyoungua. Anachovya sumaku kwenye oili chafu. Unga unaong'ang'ania sumaku ni chuma, umetoka kwenye kranki, beringi au gia. Unaong'aa na kukataa sumaku ni alumini, umetoka kwenye mwili wa pistoni. Motari amechuchumaa pembeni, kofia ya abiria mapajani.

"Mzee, imekufa?"

"Imekufa."

"Kabisa?"

"Si kabisa. Imekufa ya kutosha."

Jibu hilo nimelipenda kuliko majibu mengi ya wataalamu wenye ofisi. Maana injini ya namna hii ina maisha zaidi ya paka. Silinda iliyoliwa huchongwa ipanuke, ikavikwa pistoni kubwa kidogo; pistoni hizo hupanda robo milimita kwa robo milimita, ishirini na tano, hamsini, sabini na tano, hadi mia, yaani milimita nzima. Baada ya mia kuta zimekuwa nyembamba, inapigwa slivu, hesabu inaanza upya. Kila daraja mwenye pikipiki huapa kwamba safari hii atatunza oili. Nimewahi kumsikia tajiri akijigamba kwamba yake "iko hamsini" kwa sauti ya mtu anayetaja cheo.

Nguvu za injini hii kwa uchumi hazijapata mwandishi. Pistoni nyingi za hapa zinatoka India. Zikishushwa bandarini Dar es Salaam husafiri kwa lori karibu kilomita 1,500, huvuka Rusumo, huishia kwenye rafu za wauza spea, wengine wao wakiwa Gatsata. Kutokana na uzembe wa mtu mmoja aliyeahirisha kubadili oili, hapo wamekula bahari, bandari, dereva wa lori, karani wa mpakani, muuza spea, mchonga silinda, fundi, kijana wa fundi anayeosha nati kwa petroli, na yule mama wa chai aliyepoteza kijiko. Mradi gani wa maendeleo umewagusa wengi hivyo kwa lita moja ya oili iliyokosekana?

Maana ni lita moja tu, au zaidi kidogo. Pikipiki hizi za silinda moja, cc 100 au 125, hazina maji ya kupooza. Hupoozwa na upepo na hiyo oili kidogo, ambayo pia ndiyo inayolainisha gia na kuogesha klachi. Kazi tatu, mshahara wa lita moja. Ikipungua nusu hakuna taa nyekundu ya kukupigia kelele kama kwenye gari. Na hapa ndipo ile injini inapokuwa msuluhishi. Tajiri anasema oili ni ya motari, kwa kuwa ndiye anayetembea na pikipiki. Motari anasema oili ni ya tajiri, kwa kuwa pikipiki ni yake na hesabu ya kila siku ni yake. Wanaweza kubishana hivyo miezi, kila mmoja akiwa na hoja nzuri. Injini huwasikiliza wote wawili, haimkatizi mtu, kisha huwatoza wote wawili: tajiri analipa pistoni, motari anakosa riziki kwa siku zote ambazo fundi amesema "kesho".

Nisifu na mafundi wake, ila si wote. Yupo anayejua kwamba mianya ya ringi haipangwi mstari mmoja, kwamba silinda iliyochongwa lazima ipigwe mikwaruzo ya kukatizana ili oili ipate pa kukaa, na kwamba konrodi haibadilishwi bila kutoa kranki na kuipeleka kwenye mashine ya kukandamiza. Huyo mvulie kofia. Mwingine anabadilisha konrodi kwa nyundo na jiwe. Kranki inatoka imepinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, pikipiki inatetemeka mpaka vioo vinazunguka vyenyewe, na baada ya muda mfupi gonga lile lile limerudi. Tusimkemee. Bila yeye msambazaji wa konrodi angeuza moja mahali ambapo sasa anauza mbili.

Kwa afya ya wananchi mchango wa injini iliyonoki hauna kifani. Jiji la Kigali lilianzisha siku ya kutotumia magari mwaka 2016, Jumapili ambapo barabara kadhaa hufungwa ili watu watembee na kukimbia. Ni jambo jema, linahitaji polisi, vizuizi na matangazo. Injini iliyonoki hufanya hayo hayo Jumanne saa mbili asubuhi bila tangazo lolote. Abiria aliyekuwa anakwenda kazini karibu na Uwanja wa Amahoro au BK Arena anavua kofia ngumu, anampa motari mkononi, anauliza "Sasa je?", halafu anaanza kupanda kwa miguu. Na kwa sababu Kigali haina mshikaki, motari anayepita akiwa tayari na abiria wake mmoja hawezi kumwongeza wa pili. Kwa hiyo zoezi linakamilika mpaka mwisho.

Kuna mahali sifa zangu zinasita. Ikikauka oili kabisa, pistoni hutanuka ikashika ndani ya silinda, injini ikajamu, na pikipiki ikiwa kwenye gia gurudumu la nyuma hukwama mara moja. Kwenye mteremko, na mtu nyuma, hilo halichekeshi. Anayeendesha pikipiki inayogonga ana jambo moja la kufanya kabla ya mengine yote: mkono kwenye klachi, pembeni ya barabara, kuzima. Wale wanaosema "tufike kwanza" huifikisha konrodi nje, kupitia ukuta wa injini, na hapo hata fundi wa Giporoso hupangusa mikono na kwenda kunywa chai.

Nafanya haraka kusifu kwa kuwa msifiwa anaondoka. Kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme katika barabara za Kigali mwaka 2019, wengine wakafuata, na tangu Januari 2025 pikipiki za petroli hazisajiliwi tena upya kwa kazi ya abiria jijini. Zilizokuwepo zinaendelea mpaka zichoke. Hizi za umeme zinapita kimya. Hazina ringi, valvu wala cheni ya taimingi. Betri ikiisha motari anaingia kituoni, anabadilishiwa nyingine, anatoka kabla mabishano hayajaanza. Hazitoi moshi wa bluu wala wa rangi yoyote, na ukizishusha hazina unga wa kuchovyea sumaku. Ni chombo safi na chenye faida, nakiri, na mapafu yangu yanakiri zaidi. Lakini wale wapita njia wa Kisimenti wataupata wapi ufundi wao?

Zile za petroli bado zipo nyingi, nyingine zinagonga wakati huu unaposoma. Basi wewe mwenye nayo, kesho asubuhi kabla ya kupiga kiki, isimamishe wima, si kwa kuiegemeza kwenye stendi ya pembeni, uangalie kijiti au kioo cha oili. Ukikuta oili imefika alama ya juu, makala haya hayakuhusu. Ukikuta pakavu, pokea hongera zangu, na umtafutie mama wa chai kijiko kingine.