Jinsi ya Kumpata Fundi wa Kuchuja Maji Nakuru na Kujuta Polepole

Kwanza kabisa, usipime maji. Kupima ni kazi ya watu wenye wasiwasi: utafute chupa safi ya plastiki, uisuuze kwa maji ya kisima chenyewe, uipeleke maabara, ulipe, usubiri, halafu upewe karatasi yenye tarakimu. Wewe si una macho? Chota glasi moja kwenye kisima chako cha Lanet au Kiamunyi, uiinue juani. Maji meupe pe, baridi, hayana harufu. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini floraidi haionekani wala haina harufu, na kitu kisichoonekana kitamdhuru nani? Waliokulia Bonde la Ufa watakujibu wakicheka, ukiwahi kuwaona wanacheka bila kuziba mdomo kwa mkono.

Sasa mtafute mwanakandarasi. Namba yake iko kwenye nguzo ya stima, chini ya ile ya mganga anayerudisha wapenzi. Akianza kukuuliza kisima kina futi ngapi, au nyumbani kuna watoto wa umri gani, achana naye. Huyo anajua kwamba maji yaliyokaa kwenye mawe ya volkano hula madini ya mawe hayo, na kwamba madoa ya kahawia ya floraidi hujiandika wakati jino la ukubwani bado linaumbwa ndani ya ufizi, yaani kabla mtoto hajatimiza miaka minane hivi. Mtu anayejua mambo mengi namna hiyo atakuchelewesha.

Unayemtaka ni yule mwenye mkoba. Atamimina maji ya kisima chako kwenye glasi moja, na maji yaliyopita kwenye mtambo wake kwenye nyingine. Atatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, akichomeke kwenye stima. Baada ya dakika moja hivi, maji yako yanageuka rangi ya kutu na kutoa povu zito kama mchuzi wa matumbo. Ya kwake yametulia tu. "Mama, haya ndiyo mnawapa watoto?" Hapo ushike kifua, uulize bei. Usimwambie kwamba kutu ile imetoka kwenye vijiti vyake mwenyewe, na kwamba maji yenye madini hupitisha umeme zaidi kuliko yasiyo nayo. Na zaidi ya yote, usimwombe atie chumvi kidogo kwenye ile glasi safi, ajaribu tena. Shangazi yangu wa Bahati alimwomba mmoja afanye hivyo, akaharibu mchana wa watu.

Ukishakubali, mtumie nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla hajashusha hata kipande cha bomba. Risiti ni dalili ya kutoaminiana. Mimi nilituma, nikafungiwa mitungi mitatu mirefu: wa mchanga, wa mkaa wa kawaida, na wa taa inayotoa mwanga wa buluu usiku kucha. Ulikuwa mtambo mzuri. Mchanga ulizuia takataka, mkaa ukaondoa harufu ambayo haikuwepo, taa ikaua vijidudu. Floraidi ikapita kote mle kama abiria mwenye tiketi. Kwa usalama zaidi tulikuwa tukiyachemsha maji hayo, tukisahau kwamba kinachopaa ni mvuke. Floraidi hubaki sufuriani, sasa ikiwa kwenye maji machache zaidi.

Watatokea watu wa kukuvuruga. Watakuambia uvune mvua, kwa kuwa maji ya mabati hayajapita kwenye mwamba wowote, na tanki moja linaweza kutosha kunywa na kupikia hata kama kuoga na kufua mtaendelea na kisima. Wapuuze. Gata haitoi mwanga wa buluu; majirani watajuaje kwamba umewekeza? Wengine watasifu ule mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba. Huo kweli huondoa floraidi, ila unataka stima isiyokatika na humwaga maji mengi ili upate kidogo.

Wabaya zaidi ni wale wa mifupa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilijijengea jina kwa kazi hiyo: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembe nyeusi, na chembe hizo hunasa floraidi. Ikichomwa vibaya, maji hunuka kama machinjioni. Ikichomwa vizuri, unakunywa bila kujua kwamba ng'ombe alihusika.

Kama hatimaye umeshindwa nguvu ukanunua kichujio cha mkaa huo wa mifupa, bado hujachelewa kukosea. Usiulize mkaa huo utachoka lini wala nani atakuja kupima maji yanayotoka. Jirani yangu alifungiwa chake, akakaa nacho miaka minne bila kukigusa. Juzi nilimuuliza kama amewahi kubadilisha mkaa. Akanishika mkono, akanipeleka jikoni, akafunua kifuniko na kumulika ndani kwa simu.

"Nibadilishe nini, mzee? Si unaona haujapungua hata kidogo?"