Bahari Sebuleni kwa Bi Forodha

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Pemba, kwa hiyo unaweza kukisia alivyoipokea habari kwamba mkwewe ananunua chumvi ya ndoo ili atengeneze maji ya bahari. "Kumbe huku Uingereza hata bahari mnauziana?" aliuliza, kisha akanyamaza mpaka Isha. Nawe ndugu yangu, kama una mama mkwe, unajua kwamba maneno yake yana nafuu kuliko kimya chake.

Sisi humwita Bi Forodha, na mwenyewe analipenda jina hilo. Hakuna mfuko unaopita mlango wa nyumba yetu hapa Coventry bila yeye kuufungua na kuuliza bei. Alikuja kututembelea majira ya baridi, nami nilikuwa nimeshaamua kuweka sebuleni tangi kubwa la matumbawe hai. Nimekulia Tanga, na Coventry iko katikati ya nchi. Ukitaka kuona bahari, upande gari usafiri masaa. Watoto wangu walikuwa wanakua wakidhani bahari ni kitu cha likizo. Hilo lilikuwa likiniuma.

Kwanza tulipambana na hesabu. Tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 60 linabeba zaidi ya lita 600. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Ukijumlisha kioo, mawe na meza ya chini, unakaribia tani moja. Shemeji yangu, tunayemwita Injinia kwa sababu hajawahi kuona soketi tupu akaiacha, alitaka tuliweke ghorofani "lipate hewa". Ghorofani kwetu sakafu ni ya mbao. Ilibidi aje fundi nyumba kutuambia kwamba mzigo ule mahali pake ni chini, kwenye zege. Alisema vilevile nilivyokuwa nikisema mimi, lakini yeye alisikilizwa.

Chini napo kulikuwa na kabati la vyombo. Naomba nitoke kidogo kwenye hadithi. Kabati lile lina seti ya vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kunywea, mabirika ya harusi yetu na sinia moja ya shaba iliyovuka bahari ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Mke wangu tunamwita Mheshimiwa Spika, maana nyumbani kwetu hakuna anayezungumza kabla hajampa nafasi. Spika alilisikiliza ombi langu la kulihamisha kabati, akalitafakari, akatoa uamuzi: kabati halisogei, televisheni ihamie chumbani kwa Tufani. Tufani ni kitinda mimba wetu. Sasa nikitaka kutazama mpira, nakaa juu ya kitanda chenye picha za magari.

Halafu yakaja maji. Ya bomba hayafai moja kwa moja, kwa kuwa yana klorini, na huenda yakawa na fosfati, naitrati au shaba. Na shaba hata kidogo huua kamba na matumbawe. Kwa hiyo nikafunga chujio linaloyasukuma maji kwenye utando mwembamba mpaka yabaki matupu kabisa, na pipa lake likakaa bafuni likijaa polepole. Baadaye unatia chumvi, gramu 35 hivi kwa kila lita, unakoroga, unapima. Kila nikienda kupima nakuta pipa limepungua. Bi Forodha alikuwa amegundua kwamba maji yale hayaachi ukoko kwenye birika, akawa anayachota ya chai. Wageni wakaisifu chai yake. Nikanunua pipa la pili, na la kwanza likawa la chai mpaka leo.

Usiku Profesa, binti yetu mkubwa, alikuwa akinisomea habari za waliotutangulia. Yeye ndiye aliyenifahamisha na Bibi Anna Thynne wa London, ambaye mwaka 1846 alileta matumbawe kutoka ufukwe wa Torquay na kuyaweka nyumbani kwake ndani ya mabakuli ya kioo. Pampu hazikuwepo. Mtumishi wake wa kike alisimama karibu na dirisha akiyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile ili yapate hewa. Spika alisikia kutoka jikoni akauliza, "Na huyo mtumishi jina lake limeandikwa wapi?" Nikamwambia sijaliona. Akasema, "Basi mimi simimini."

Kisha ukaja wakati mgumu kuliko yote: kungoja. Tangi jipya lenye mawe na maji halipokei samaki siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitrati, ambayo ina unafuu. Bakteria hao hukaa kwenye mawe, na kuongezeka kwao huchukua mwezi au zaidi. Wengi huwaanzishia chakula kwa kutia kipande cha kamba mbichi kioze, nami nikafanya hivyo. Bi Forodha akakiona, akakiopoa, akasugua na jiwe kilipokuwa kimelala, akaniambia kwa huruma kwamba chakula hakitupwi. Nikatia kingine. Akakiopoa. Kwa kipindi chote hicho kila mgeni aliyeingia alitazama mawe na maji akauliza, "Samaki wako wapi?" na Tufani akawajibu kwa sauti ya juu kwamba baba anafuga mawe.

Samaki wa kwanza walipofika, nyumba ilitulia kidogo. Walikuwa wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale ambao watoto wote huwaita Nemo tangu ile filamu ya mwaka 2003, na walizaliwa kwa wafugaji, hawakuvuliwa baharini. Profesa aliwaeleza wageni mezani kwamba samaki hao wote huanza wakiwa madume, yule mkubwa ndiye anayekuwa jike, na akifa jike, dume lake hugeuka kuwa jike. Injinia akapaliwa na wali. Bi Forodha akasema Mungu ana uwezo, akaomba aongezewe mchuzi.

Matumbawe niliyapata kwa wafugaji wenzangu, vipande vilivyokatwa kwenye makoloni yanayokua majumbani mwao. Injinia alikuwa na njia yake ya mkato: anakwenda Zanzibar, atarudi na tumbawe kwenye begi. Nilimkatalia. Matumbawe yote magumu yamo kwenye orodha ya mkataba wa CITES na hayavuki mpaka bila kibali; tena yako yanayokua milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo jiwe la kubeba mkononi linaweza kumzidi umri aliyelibeba. Alinyamazishwa na Bi Forodha: "Begi lako nitalifungua mimi."

Lakini Bi Forodha huyo huyo hufukiza udi kila Alhamisi. Mashine ya povu inayotoa uchafu majini huvuta hewa ya chumbani, na moshi wote ulikuwa ukielekea huko. Niliomba udi uhamie ghorofani. Spika akanitazama tu. Nikapitisha mpira wa hewa dirishani, mashine ivute hewa ya nje, na kwa kweli maji yalinufaika: nyumba iliyofungwa kwa baridi na kujaa watu hujaa kaboni dioksaidi, na pH ya maji hushuka. Kabla ya mpira huo, siku ya Idi, Profesa alikuwa ameshaniletea vipimo vya pH vya kunihuzunisha.

Usiku wa shughuli ya Spika, sebule imejaa akina mama, Injinia alichomeka jiko la kukaangia sambusa kwenye waya wa tangi. Nyumba nzima ikazimika, na swichi kuu kila ikiinuliwa inaanguka. Fundi umeme akasema atafika asubuhi. Pampu zikanyamaza. Tangi kubwa halipoi haraka, tulilifunga mablanketi. Hatari inayotangulia ni kuisha kwa oksijeni, kwa sababu maji yaliyosimama hayapokei hewa ya kutosha. Nikachukua jagi nikaanza kuchota na kumimina kutoka juu. Punde nikasikia mmiminiko wa pili upande wa pili. Alikuwa Bi Forodha, na kata yake ya kifuu aliyotoka nayo Pemba, anachota na kumwaga kwa mkono uliozoea. Profesa akashika zamu, Tufani akashika tochi, akina mama wakapokezana. Injinia alimimina kuliko wote. Karibu na alfajiri Spika alinipokonya jagi akaniambia nikalale.

Ilipokuwa zamu yangu tena, Bi Forodha alinisimulia kisiwa cha Misali, jinsi maji yake yalivyokuwa ukiyatazama kutoka ngalawani. Nami nikamweleza mwaka 1998, bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kawaida na matumbawe ya pwani yetu yakapauka na kufa kwa wingi, kwa kuwa joto huyafanya yatoe vimwani vidogo vinavyoishi ndani yake na kuyalisha. Alitikisa kichwa, akaongeza kasi ya kata. Mimi usiku ule ndipo nilipoielewa kazi ya bahari. Lita 600 zilituchosha ukoo mzima. Mawimbi huifanya kazi hiyo bure, usiku na mchana, nasi tunayatupia plastiki.

Hakuna aliyekufa ndani ya tangi. Fundi umeme akatufungia njia ya umeme ya peke yake, na pampu moja ikapata betri. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukipanga tangi la matumbawe, pima sakafu, nunua pipa la ziada, ngoja bakteria wako, na ukae na familia yote kabla ya kununua kioo, kwa sababu mwisho wake litakuwa lao. La kwetu sasa ni la Bi Forodha. Safari yake ya kurudi Pemba imeahirishwa kwa kisingizio cha kuwalisha samaki. Nimemwambia mara moja kwa siku inatosha. Yeye huwalisha asubuhi na jioni, nami Jumamosi nabadilisha maji.